Zobo Ilivyozidi Kupauka

Mara ya kwanza mke wangu aliponitengenezea zobo alikuwa bado si mke wangu, na mimi nilidhani ananipa dawa. Ilikuwa Jumamosi mchana, katika nyumba yake ya kupanga pale Irving, Texas, karibu sana na uwanja wa ndege kiasi kwamba ndege kubwa zikipita vikombe vilikuwa vikitetemeka kabatini. Aliniwekea mezani glasi ya kitu chekundu kilichokolea hadi kukaribia weusi, kina barafu juu. Nikakumbuka ile dawa ya kikohozi tuliyokuwa tukinyweshwa shule ya msingi, nikamuuliza kama kuna mtu anaumwa humu ndani.

"Nani anaumwa? Kunywa bwana," alisema, akasimama mbele yangu mikono kiunoni kama mtu anayesimamia mtihani.

Nikanywa. Uchachu ulinishika kwanza, huku nyuma ya taya, kisha sukari ikaja kuutuliza, na mwishoni tangawizi ikashuka na moto wake hadi kifuani. Nikanywa tena kabla sijajua kama nimeipenda. Alicheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyeshinda.

"Ni maua," alisema.

"Maua gani?"

Akanionyesha mfuko wa plastiki uliojaa vitu vikavu vyekundu vilivyojikunja kama vidole vya ndege. Nikamwambia kwetu Molo ua la jinsi hiyo lilipandwa mbele ya nyumba ya mwalimu mkuu ili watu wajue pale anaishi mwalimu mkuu, na hakuna aliyewahi kufikiria kulichemsha. Akanieleza kwamba hili ni jamaa tu ya lile la mwalimu mkuu, si lenyewe, na kwamba kwao Jos, kaskazini ya kati ya Nigeria, hakuna harusi, hakuna matanga wala hakuna Jumapili isiyo na zobo.

Tulikuwa tumekutana kanisani. Ukumbi ulikuwa mmoja: Wanijeria walisali asubuhi, sisi Wakenya tukaingia baada yao, na mara zote ibada yao ilikuwa ikipitiliza, kwa hiyo tulikuwa tukiwasubiri kwenye maegesho, tumevaa vizuri na tumekasirika. Siku moja betri ya gari lake ilikataa, nami nilikuwa na nyaya za kuazimana umeme. Alikuwa muuguzi. Mimi nilikuwa, na hadi leo niko, kwenye idara ya mizigo pale uwanjani. Tulizungumza Kiingereza, maana hatukuwa na lugha nyingine ya kutuunganisha, ila baada ya muda tukagundua kwamba Kihausa chake na Kiswahili changu viliwahi kupita njia moja mahali fulani. Habari kwao ni labari. Dunia ni duniya. Afya ni lafiya. Karafuu aliyotia kwenye zobo aliiita kanumfari, tukayageuza maneno hayo mawili mdomoni, mimi hivi na yeye vile, mpaka yakakaribia kufanana. Ilikuwa furaha ya kitoto. Nadhani tulioana kwa sababu ya betri na maneno hayo.

Baada ya harusi, kila Jumamosi aliyokuwa hayuko kazini alipika sufuria nzima. Aliyasuuza maua kwa maji baridi ili mchanga utoke, akayatumbukiza kwenye maji yanayochemka pamoja na maganda ya nanasi, tangawizi iliyopondwa na karafuu chache. Nyumba yote ikanukia. Kisha alizima moto, akafunika, akaacha mpaka ipoe ndipo aichuje kwa kitambaa cheupe ambacho hakikuwa cheupe tena. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika kitambaa upande mmoja wakati yeye anakikamua. Mikono yetu ilibaki na rangi, na kazini wenzangu waliniuliza nimechinja nini.

Mara nyingi wakati huo simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la unga, mama yake yuko kwenye kioo huko Jos, ambako giza lilikuwa limeshaanza kuingia. Mama mkwe wangu alikuwa mpishi wa shule kwa miaka mingi, na hakuweza kumwona mtu akipika bila kumsahihisha. "Kanumfari nyingi!" alikuwa akipiga kelele. "Unataka kuwaua watu?" Mke wangu alikuwa akitoa moja sufuriani huku mama anamwangalia, kisha akageuka kuniangalia mimi na kuitumbukiza nyingine mbili. Mama alikuwa na Kiingereza cha sokoni na mimi Kihausa cha maneno matano, lakini alinisalimu kila mara, na baada ya salamu aliuliza swali lilelile: nimekula nini leo?

Hatukujaliwa mtoto. Tulisubiri, tukaenda kwa madaktari, tukasubiri tena. Hili sitalieleza zaidi. Nalitaja ili ijulikane kwamba nyumbani tulikuwa wawili tu.

Ugonjwa ulianza kama kitu cha kupuuzwa. Tumbo lilimsumbua baada ya kula, akasema ni asidi, akameza vidonge vya asidi. Alikuwa muuguzi, kwa hiyo nilimwamini, na yeye pia alijiamini. Alipoanza kupungua alifurahi kwanza, akavaa tena gauni la zamani. Kisha siku moja alitoka bafuni akasimama mlangoni akaniambia, "Hebu tazama macho yangu." Yalikuwa ya manjano. Hakulia. Alikuwa ameshajua, kabla ya kipimo chochote, kwa sababu alikuwa ameyaona macho kama hayo kwa wagonjwa wake.

Ilikuwa saratani, na ilikuwa imeshafika kwenye ini. Dallas walimpa dawa za kwanza, kisha wakatushauri twende Houston kwenye hospitali kubwa zaidi, ambako kulikuwa na matibabu mengine ya kujaribu. Sugar Land, nje kidogo ya Houston, nina binti wa shangazi yangu, muuguzi naye, aliyenizidi umri kwa mbali, na mimi humwita Dada. Nilipompigia hakunipa nafasi ya kumaliza sentensi.

"Mlete hapa," alisema. "Watoto wangu wako chuo, vyumba viko tupu. Na wewe uta-drive kwenda kazini na kurudi, wiki kwa wiki. Hilo halina mjadala."

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Siku za kazi nilikuwa Irving, na nilipopata mapumziko niliingia barabarani kuelekea kusini, saa nne za njia iliyonyooka, Corsicana, kisha malori, kisha miti ya misonobari ya Huntsville, kisha msongamano wa Houston ambao haujali saa. Nilipofika nilikuwa nikimkuta mke wangu sebuleni kwa Dada, amejifunika blanketi zito, wakati nje jua linapasua kichwa.

Zile dawa zilimwondolea ladha. Alisema kila kitu ni kama kulamba kijiko kitupu cha chuma: wali chuma, kuku chuma, hata maji. Dada alimpikia uji, akampikia supu ya mifupa, akampikia ndizi, na mke wangu alikula vijiko viwili vitatu kwa heshima kisha akashukuru. Siku moja nilipokuwa nimekaa miguuni pake aliniambia, "Nina hamu ya zobo."

Hakukurupuka. Alimuuliza daktari wake kwanza, kwa sababu alijua maua yale hushusha presha na huenda yasielewane na dawa nyingine. Daktari alifikiri, akasema kiasi kidogo hakitadhuru. Basi nikaenda Alief, mtaa mmoja wa Houston, kwenye duka la Waafrika Magharibi lenye magunia ya gari, ule unga wao wa muhogo, na samaki wakavu hadi darini, nikarudi na mfuko wa maua, tangawizi, karafuu na nanasi zima.

Nilikuwa nimeshika kile kitambaa kwa miaka, lakini sufuria ilikuwa haijawahi kuwa yangu. Mke wangu aliomba kiti kirefu cha jikoni, akakaa pale na blanketi lake, akaniongoza.

"Suuza."

"Nimesuuza."

"Umelowesha. Suuza tena mpaka usione mchanga."

Nikasuuza tena. Nikamenya nanasi, nikaponda tangawizi kwa chini ya kikombe kwa sababu Dada hakuwa na kinu. Maji yalipochemka nikatia maua, na rangi ikatoka papo hapo, ikazagaa majini kama kitu kilichokuwa kikingoja kuachiliwa.

"Usiache yachemke sana," alisema. "Yatatoa uchungu."

"Nitajuaje sana ni kiasi gani?"

"Utasikia harufu ikibadilika. Inaanza kama matunda, inaishia kama majani. Zima kabla haijafika kwenye majani."

Nilisimama pale nikinusa mvuke kama mbwa, naye akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, Dada akaja mbio kutoka chumbani. Lakini ilipopoa na kuchujwa na kutiwa barafu, mke wangu alikunywa glasi nzima. Alifumba macho. "Hii naisikia," alisema. "Hii si chuma." Mimi na Dada tuliangaliana kama watu waliopokea matokeo mazuri kutoka maabara.

Kuanzia hapo kila nilipofika Sugar Land jambo la kwanza lilikuwa kuosha mikono na kutafuta sufuria. Nilijifunza. Friji ya Dada ilijaa chupa nyekundu. Kuna majuma mke wangu alikunywa zobo na karibu hakuna kingine, na sisi tukaongeza sukari ili apate nguvu japo kidogo.

Kisha vidonda vikaja mdomoni. Ni dawa zilezile zilizovileta, na hutokea kwa wengi, walituambia. Nikamletea glasi kama kawaida, akapiga funda moja, akabaki ameishika mkononi, na machozi yakamtoka. Uchachu ulikuwa umemchoma. Nikataka kuichukua glasi, akaizuia.

"Ongeza maji," alisema.

Nikaongeza. Siku chache baadaye nikaongeza zaidi. Nilipunguza tangawizi, kisha nikaiondoa, kisha karafuu. Zobo ikatoka kwenye wekundu wa damu ikawa nyekundu ya kawaida, ikawa ya waridi, ikawa rangi ya kucha za mtoto. Alinyanyua glasi dirishani akaitazama kwa muda.

"Hii si zobo," alisema. "Hii ni maji yaliyosikia habari za zobo."

Tulicheka wote wawili. Alicheka kwa uangalifu, mdomo nusu umefungwa, ili vidonda visipasuke. Mwisho nilikuwa nikiigandisha kwenye vile visanduku vya barafu, naiponda, nampa kwa kijiko cha chai, chembe moja ikiyeyuka juu ya ulimi ndipo nyingine.

Mama yake alikuwa hajui. Alijua binti yake ana tumbo linalosumbua na kwamba tuko Houston kwa matibabu. Mke wangu aliacha kumpigia kwa video, akawa anampigia kwa sauti tu, na kabla ya kupiga alikunywa maji, akakohoa, akajaribu sauti yake kwangu: "Sikiliza, ninasikika vizuri?" Mama hakuwa mjinga. Aliuliza mbona haoni uso.

"Kamera ya simu imeharibika, Mama."

"Nunua simu nyingine. Wewe si uko Amerika?"

Nilimwambia mke wangu mama ana haki ya kumwona. "Akiniona hivi," alisema, "ndivyo atakavyonikumbuka. Mwache abaki na yule mwingine." Halikuwa jambo la kubishania, si na mtu katika hali ile. Mama alikwenda Abuja kuomba viza, akanyimwa, akarudi Jos, akaenda tena, akanyimwa tena. Mara ya pili alimpigia binti yake kutoka kituo cha mabasi, na mke wangu ndiye aliyembembeleza.

Mke wangu alifariki alasiri, Dada akiwa kazini. Walikuwa wamemruhusu kutoka hospitalini, maana hakukuwa na cha kufanya tena, na kitanda chake kilikuwa chumba cha mbele kwa Dada, dirisha likitazama barabara. Jirani wa upande wa pili alikuwa akikata nyasi kwa mashine. Mke wangu alikuwa amelala ubavu na mimi nilikuwa namsimulia habari za kazini, kwa sababu alizipenda, hasa za farasi. Sisi hupakia farasi kwenye ndege za mizigo, watu wengi hawajui hilo, farasi wa mashindano wanaosafiri kwenda ng'ambo wakiwa kwenye vibanda vyao. Nilikuwa namweleza farasi mmoja mweupe aliyegoma kupanda, aliyesimama kwenye ngazi ya mzigo na kutukataa sote, msimamizi, mtunza farasi, mimi. Nilifika mahali mtunza farasi anamfunika macho kwa koti lake, nikasikia kwamba mashine ya nyasi imenyamaza, na kwamba pumzi ya mke wangu haipo.

Sikumwita mtu mara moja. Nilimalizia kisa. Nilimwambia farasi alipanda, alipanda taratibu kabisa baada ya kufunikwa macho, akafika salama. Kisha nikampigia Dada.

Kumjulisha mama ilikuwa kazi ya kaka mkubwa wa mke wangu, aliye Abuja; ndivyo walivyoamua, kwamba asiambiwe kwa simu na mtu wa mbali. Kaka alisafiri hadi Jos ili akamwambie akiwa amekaa naye. Sikusikia alivyolia. Nilijua tu kwamba saa fulani Jumamosi, huku mimi nimekaa kwenye kochi la Dada, kilio hicho kilikuwa kinatokea.

Walitaka azikwe kwao, kando ya baba yake. Nami nilikubali bila kufikiri, kwa sababu nilijua ndilo angetaka. Nilichokuwa sijakifikiria ni mimi mwenyewe. Maombi yangu ya ukaazi yalikuwa bado yanasubiri kujibiwa, na wakili wangu aliniambia waziwazi: ukitoka nchini sasa, usitegemee kurudi. Nilimuuliza kama hakuna njia. Alisema kuna ruhusa ya dharura, akaiomba, na jibu halikufika kwa wakati. Jeneza halingoji.

Tulimrudisha Irving, ukumbi uleule wa kanisa ukajaa, Wanijeria na Wakenya pamoja kwa mara ya kwanza bila ya mmoja kumsubiri mwingine nje. Na kwa kuwa safari yake ilianzia Dallas, alipita mikononi mwa idara yetu.

Tunasafirisha maiti kila wiki. Huwekwa ndani ya sanduku la mbao na kadibodi lililofunika jeneza, na juu yake kuna alama inayoonyesha kichwa kiko upande gani, maana kuna utaratibu wa kumpakia mtu. Nimewapakia Wakenya wengi. Wengine niliwatambua kwa majina kwenye karatasi, nikawaombea kimoyomoyo. Siku hiyo sikupangwa kazi. Nilivaa sare nikaenda.

Msimamizi wangu, mzee wa hapahapa Texas ambaye hatujawahi kuzungumza mambo ya nyumbani, alinikuta getini.

"Rudi nyumbani, mwanangu," aliniambia. "Tutamhudumia vizuri. Nakupa neno langu."

"Najua mtamhudumia," nilimjibu. "Lakini nataka kuwa upande wa kichwa."

Alinitazama, akaenda akazima redio ya banda zima. Tulimtoa kwenye gari, wenzangu wanne na mimi, na hawakutumia mashine isipokuwa pale ilipobidi. Nilitembea upande wa kichwa mkono wangu ukiwa juu ya mbao, hadi mlango wa ndege, mpaka mahali ambapo sikuruhusiwa kwenda mbele zaidi. Waliokuwa na kofia walizivua. Kisha mlango ukafungwa, nami nikabaki chini kwenye sakafu ya saruji, nimevaa viziba masikio, nikiitazama ndege ikisukumwa kinyumenyume.

Mazishi niliyaona kwenye simu. Mpwa wa mke wangu alishika simu, mtandao ukaja na kuondoka. Niliona miavuli, niliona kiti cha plastiki alichokalia mama mkwe wangu, niliona mgongo wake. Sauti ilikuwa mbele, picha nyuma. Walipoanza kufukia, picha iliganda kwenye koleo lililoinuliwa, likabaki limeinuliwa hivyo huku nikisikia udongo ukianguka.

Baada ya wiki kadhaa mwanamke nisiyemjua alinipigia kutoka Houston. Alikuwa ametoka Jos kumtembelea binti yake Alief, na alikuwa na mzigo aliopewa na mama mkwe wangu. Alikuwa amepewa, alinieleza kwa sauti ya chini, kabla ya yote haya. Safari yake iliahirishwa, kisha msiba ukatokea, naye alipomrudishia mama mzigo, mama aliukataa. "Alisema mpelekee mwanangu aliyebaki," mwanamke yule alisema. "Nikafikiri ana mwingine huku. Akasema ni wewe."

Niliendesha hadi Alief siku iliyofuata. Ulikuwa mfuko wa kitambaa ulioshonwa mdomo kwa sindano, na ndani maua ya zobo, meusi zaidi kuliko ya dukani, yenye harufu ya moshi kidogo. Nilipita kwa Dada nikala kwake, nikarudi Irving. Mfuko ulikaa mezani muda mrefu kabla sijaufungua.

Nilipoyapika maua mwishowe, nilipika vibaya. Maua hayo yalikuwa makali kuliko niliyoyazoea, nami nilitia mengi mno. Nikaongeza maji, nikaongeza sukari, ikawa nyingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kunywa. Nikasimama jikoni na sufuria ile, ndipo nikampigia mama mkwe wangu kwa video. Sikujua nitasema nini. Tulikuwa tumezungumza tangu mazishi, lakini mazungumzo ya watu wazima, pole na pole, kuna ndugu pembeni akitafsiri.

Alitokea peke yake. Alikuwa amezeeka. Alitazama sufuria, akauliza kwa Kiingereza chake cha sokoni nimetia vikombe vingapi vya maua, nikamwonyesha kwa mkono, akashika kichwa. "Hayo ni ya kanisa zima!" alisema. Akaniambia niigawe katika chupa, nipeleke kwa watu, nisikae nayo nyumbani. Nikafanya hivyo mbele yake, chupa baada ya chupa, simu ikiwa imeegemezwa, yeye akinielekeza nifute pale ninapomwaga.

Nilidhani atauliza nimekula nini. Badala yake alivuta kiti akakaa.

"Mwanangu," alisema. "Kila mtu ananiambia alilala tu. Kaka yake alisema alilala. Mchungaji alisema alilala. Mimi ni mtu mzima, nimezaa watoto sita na kuzika wawili. Wewe ulikuwa pale. Niambie."

Nilimuuliza kama amwite yule mpwa wa mke wangu atusaidie kutafsiri. Akakataa. Alisema tutaelewana, na pasipoeleweka atanisimamisha.

Basi nikamwambia. Nilianza na macho ya manjano mlangoni mwa bafu. Nilimwambia jina la ugonjwa. Nilimwambia kuhusu vidonda na simu ya sauti tupu, na kwamba kamera haikuharibika. Pale alifunga macho, akasema kwa Kihausa kitu ambacho sikukielewa, kisha akaniashiria niendelee. Nilimweleza zobo ilivyopauka, na maneno ya binti yake siku ile dirishani, na mama huyo akacheka, akacheka kwa kweli, machozi yakimtiririka, akarudia maneno hayo kwa lugha yake ili ayahifadhi. Nilimweleza farasi. Nilimweleza kwamba nilimalizia kisa.

Ilichukua muda. Mara kadhaa alinisimamisha, nikatafuta neno jepesi zaidi, au nikaonyesha kwa mikono. Nilipomaliza tukakaa tu, kila mmoja akitazama uso wa mwenzake kwenye kioo, yeye na ukuta wake wa kijani, mimi na chupa zangu.

"Hakuwa peke yake," alisema mwishowe.

"Hapana, Mama."

"Na alikuwa anasikiliza kitu kizuri."

"Ndiyo, Mama. Alipenda habari za farasi."

Aliitikia kwa kichwa mara nyingi. Akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa chake. Kisha akaniuliza yule farasi alikuwa anakwenda wapi, na ni wa nani, na kama ni kweli kwamba binadamu anaweza kumpandisha farasi kwenye ndege, na nilipomwambia ni kweli akataka nimweleze tena tangu mwanzo, polepole, jinsi alivyogoma.